Babu aliyetekwa vita vya Mjerumani: mtafute kwa kundi lake

Ukimtafuta kwa jina, utamaliza bando bure. Askari Mwafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, hasa aliyepigana upande wa Mjerumani, ni nadra jina lake kukutwa kwenye karatasi yoyote inayofunguka kwenye simu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Ujerumani iliungua Potsdam, Aprili 1945, mji ulipopigwa mabomu. Na Waingereza waliowakamata hawa wazee wetu porini walihesabu vichwa: Wazungu kadhaa, askari kadhaa, wapagazi kadhaa, bunduki kadhaa, mzinga mmoja. Mzungu aliandikwa jina na cheo. Babu yako aliingizwa kwenye jumla.

Ila kundi lake lina kila kitu. Lina kamanda, lina tarehe, lina njia lililopita na kijiji lilipowekea silaha chini. Ukilipata kundi, babu umempata, hata kama jina lake hulioni.

Mimi nina steshenari Makambako. Kazi yangu ni kutoa kopi, kuskani vyeti, kuchapa barua za mirathi na maombi ya kazi. Watu wananiletea makaratasi ya ukoo mpaka nimezoea kuyasoma kuliko wenyewe. Babu yake mama yangu alikuwa askari wa Mjerumani, na ukoo mzima ulijua mambo mawili tu: kwamba alishikwa, na kwamba alirudi amevaa nguo za Mwingereza. Kwa nusu ya ukoo hiyo ilikuwa sifa. Nusu nyingine ilikuwa inanong'ona kwamba mzee aligeuka.

Anza na wazee, lakini usianze na swali la kushikwa. Hakuna anayependa kusimulia jinsi baba yake alivyokalishwa chini na adui. Uliza mambo ya pembeni. Alirudi akitokea upande gani, ziwani au reli ya kati? Alirudi kabla ya ule ugonjwa wa mafua uliomaliza watu mwishoni mwa 1918 na kuingia 1919, au baada yake? Mtoto wake wa kwanza baada ya kurudi ni nani, na huyo alibatizwa na padri au mchungaji gani? Rafiki yake wa jeshini alikuwa kabila gani? Alikuwa akihesabu kwa Kijerumani akilewa? Alipokea fedha yoyote uzeeni? Hili la mwisho lina maana, kwa sababu miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ililipa malimbikizo ya mishahara kwa askari wazee waliokuwa bado hai, na familia huwa hazisahau pesa.

Nenda mwenyewe, usimpigie mzee simu. Mimi nilikwenda kwa bibi mdogo, upande wa Wanging'ombe, na kilo ya sukari na kitenge. Tukapeana kamwene, tukaulizana habari za viazi, za mvua, za watoto wa huyu na yule, ndipo nikaanza. Nilimuuliza tu kama babu aliwahi kusimulia habari za mvua vitani, maana yeye ndiye aliyeanza kuitaja mvua. Akanijibu:

"Babu yenu hakushikwa, mwanangu. Wale Wazungu wake ndio waliopandisha kitambaa. Wao askari wakaambiwa kaeni, wakakaa kwenye tope, mvua ndiyo kwanza inaanza. Palepale Ilembula."

Sasa soma maneno hayo kama karani. Kwanza, Wazungu ndio waliosalimu amri. Kwa hiyo babu hakukamatwa peke yake akiwa doria wala akiwa mgonjwa amelala kijijini. Ni kundi zima lililojisalimisha likiwa na maafisa wake. Pili, mvua ndiyo inaanza. Huku kwetu hiyo ni Novemba mwishoni. Tatu, Ilembula. Vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kupimwa kwenye historia iliyoandikwa.

Nikapima. Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey wa Uingereza lilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Kabla mwezi haujaisha lilikuwa Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, na tarehe 29 Agosti likaingia Iringa. Huko kaskazini Wabelgiji wakaichukua Tabora tarehe 19 Septemba, na Jenerali Wahle wa Ujerumani akashuka kusini na watu wake ili aungane na wenzake wa Mahenge. Ndipo Oktoba na Novemba nchi yetu hii ikawaka: Iringa ikashambuliwa, Ngominyi ikatekwa, Malangali ikazingirwa, Lupembe ikashambuliwa. Kundi moja la Wahle, lililoongozwa na afisa aitwaye Huebener, likatenganishwa na wenzake. Tarehe 26 Novemba 1916 likajisalimisha Ilembula: Wazungu zaidi ya 50, askari wapata 250, na mzinga mkubwa. Bibi mdogo hajawahi kusoma kitabu chochote cha vita. Mvua yake na tarehe ya Waingereza vimekutana.

Hivyo ndivyo unavyopaswa kufanya na hadithi ya kwenu. Chukua daftari, upande mmoja andika alivyosema mzee kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyanyoosha. Upande wa pili andika matukio ya kujisalimisha na kukamatwa yanayojulikana. Kwa watu wa nyanda za juu kusini, ukiacha Ilembula, yapo mengine ya kuangalia. Mwanzoni mwa 1917 afisa Wintgens alijitenga na jeshi, akapita Utengule na kuelekea Rukwa hadi kaskazini. Yeye mwenyewe akiwa mgonjwa alijisalimisha kwa Wabelgiji Mei mwaka huo, na waliobaki na afisa mwenzake Naumann wakakamatwa upande wa Kondoa mwanzoni mwa Oktoba. Babu wa Mbeya anayesemekana "alishikwa na Wabelgiji" au "alishikwa Ugogo" huenda ni wa msafara huu. Novemba 1917 Kapteni Tafel, aliyetoka Mahenge na watu wake, alijisalimisha kusini karibu na Ruvuma baada ya kukosa chakula. Ukisikia babu alishikwa kwa njaa, siyo kwa risasi, waza hapo.

Halafu kuna 1918. Von Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani huku kwetu, alirudi kutoka Msumbiji, akapita Ungoni na kufika Ubena, yaani Njombe, katikati ya Oktoba. Hapo aliwaacha wagonjwa na majeruhi, Wahle mwenyewe akiwa mmoja wao, wakaangukia mikononi mwa Waingereza. Waliobaki waliendelea hadi Rhodesia ya Kaskazini na kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, vita vikiwa vimeshakwisha Ulaya wiki mbili nyuma. Askari wa kundi hilo walipelekwa kuzuiliwa Tabora, na mafua yakawapukutisha njiani. Kwa hiyo mzee aliyerudi akitokea Tabora mwaka 1919 ni hadithi nyingine kabisa na mzee aliyerudi akitokea ziwani. Usizichanganye hata kama wote wawili mnawaita babu askari.

Ukishapata tukio, tafuta kombania. Kabla ya vita kombania ya 2 ilikuwa Iringa, ya 5 Masoko kule Rungwe, ya 12 Mahenge. Boma la Masoko bado lipo juu ya ziwa, lilikuja kutumika kama mahakama, na watoto wa pale watakuuzia hela za Kijerumani wanazookota ufukweni. Usidhani lakini kwamba mtu wa Njombe lazima alikuwa kombania ya Iringa. Askari walihamishwa, na vita vilipoanza ziliundwa kombania mpya. Muulize mzee babu alijifunzia wapi bunduki, siyo alizaliwa wapi.

Vitu vya babu vinasema kuliko watu, mradi uvisome vizuri. Nitasimama hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Hela za Kijerumani si ushahidi wa uaskari. Kila mtu alikuwa nazo, mkulima na mpagazi vilevile. Ukipata heller 20 yenye mwaka 1916 na herufi T, hiyo ilipigwa Tabora wakati wa vita kwa vyuma vya kuokoteza, kwa sababu meli za kutoka Ujerumani zilikuwa haziingii. Ni kitu kizuri cha kuonyesha wajukuu. Haithibitishi chochote kuhusu babu.

Nishani ni habari nyingine. Kwa bibi mdogo ilitolewa kwenye kopo la Kimbo, imefungwa kitambaa cha kanga, nyeusi tii. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mtu juu ya farasi na miaka 1914 na 1918. Nyumbani wote walikuwa wanatazama huko kwenye picha. Wewe tazama ukingoni. Nishani za Waingereza za vita vya kwanza zilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Usisugue kwa majivu wala dawa ya meno, utafuta kile unachokitafuta. Ifute kwa kitambaa kikavu, paka unga wa chaki kidogo kwenye ukingo, uipanguse ili chaki ibaki ndani ya herufi, kisha washa tochi ya simu ukiielekeza kutoka ubavuni. Zungusha polepole na piga picha kila robo. Mimi nilimshikisha mjukuu wa bibi tochi, nikazungusha kwa kidole kimoja. Ikatoka namba, likatoka jina moja tu, jina la Kiislamu ambalo nyumbani hakuna aliyelijua, halafu 6 K.A.R.

Hapo ndipo mnong'ono wa ukoo ulipopata jibu lake. K.A.R. ni King's African Rifles, keya kama wazee wanavyoiita. Vita vilipoanza ilikuwa na batalioni tatu. Hadi vinakwisha zilikuwa 22, na watu wa kujaza hizo zote ilibidi watoke mahali. Batalioni ya 6 iliundwa mwaka 1917, na askari wake wa mwanzo walikuwa waliokuwa askari wa Mjerumani, waliotekwa na kuandikishwa upya. Babu alikalishwa chini Ilembula Novemba 1916, mwaka uliofuata anabeba bunduki ya mfalme. Aligeuka? Mimi nasema hapana. Alikuwa mtu wa kazi, mwajiri wake amepandisha kitambaa cheupe, amekaa mbali na kwao, na aliyemteka anampa mshahara. Mjomba wangu mmoja bado hakubaliani nami, na kila msiba tunaanza upya.

Kama nishani ya kwenu ni ya umbo la nyota, soma mwaka kwanza: nyota yenye 1914-15 ni ya vita vya kwanza, na jina lake liko mgongoni, siyo ukingoni; nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa bila majina, usilitafute. Babu aliyekwenda Bama, yaani Burma, ni wa vita vya pili pia. Kwa mateka wa vita vya pili kuna ofisi ya kumbukumbu ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, Geneva, inayopokea maombi ya ndugu kwa vipindi maalum, basi fuatilia wanapofungua. Kadi zao za mateka wa vita vya kwanza zimewekwa mtandaoni bure, ni mamilioni, ila wengi mno ni watu wa vita vya Ulaya. Tazama, usiweke matumaini yote hapo.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye nyaraka. Ukienda nazo mapema, bila tarehe wala mahali, utaambiwa kuna mafaili mengi, chagua.

Uingereza, Hifadhi ya Taifa iko Kew, London, na katalogi yake inatafutika bure mtandaoni. Mafaili yaitwayo WO 95 ni shajara za vita za vikosi, za Afrika Mashariki zikiwemo. CO 534 ni barua za KAR. CO 691 ni za Tanganyika. Shajara ni kitu kitamu: siku kwa siku, wamelala wapi, wameteka nani, chakula kimekwisha. Andika jina la kamanda au la mahali, siyo la babu. Na andika kama wao walivyoandika: Ilembula utaikuta Ilembule, Njombe utaikuta Ubena. Kuagiza nakala ni kwa kulipia, kwa hiyo hakikisha kwanza namba ya faili na tarehe zake.

Ujerumani, Bundesarchiv ina mafaili ya Wizara ya Makoloni, alama yake R 1001, ambayo yameskaniwa na unaweza kuyafungua hapahapa bila kulipa. Huko Juma ni Dschuma, Mwanza ni Muansa, Kasanga ni Bismarckburg. Karatasi zilizopigwa taipu utazipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya simu na utaelewa. Zilizoandikwa kwa mkono wa zamani simu mara nyingi inashindwa, na Mjerumani kijana naye mara nyingi hawezi. Tafuta mzee wa kimisioni. Mafaili haya mengi ni ya kabla ya vita, yatakusaidia kujua kombania na mishahara. Askari wa kawaida alianza na rupia 20 kwa mwezi, na hapo utaelewa kwa nini vijana walikuwa wanajiandikisha.

Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Omba Vitabu vya Wilaya vya Iringa, Njombe au Rungwe. Humo maafisa wa Kiingereza waliandika habari za machifu, kodi na watu waliorudi vitani. Piga simu kabla ya kusafiri uulize wanataka barua ya utambulisho kutoka wapi, ubebe na kitambulisho, ubebe na penseli. Iringa mjini pitia Makumbusho ya Boma, jengo lenyewe ni la Wajerumani.

Misheni watu huzisahau, na kwangu mimi ndizo zilizozaa zaidi. Walutheri wa Berlin walikuwa Kidugala, Lupembe, Ilembula na Tandala. Wamoravian Rungwe na Utengule. Wabenediktini Tosamaganga na Peramiho. Askari akirudi alioa, alibatizwa, alibatiza watoto. Kitabu cha ubatizo kinaandika jina la zamani na jina jipya kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo lile jina la Kiislamu la kwenye nishani linapokutana na Yohana au Petro mnayemjua nyumbani. Nenda kwa katibu wa usharika au paroko, siku ya kazi, si Jumapili. Usiombe kuondoka na kitabu. Omba kupiga picha ukurasa mmoja, na kama kuna karatasi imelegea usiishike wewe, mwache mwenye ofisi aifungue. Jua pia kwamba wamisionari wa Kijerumani waliondolewa wakati wa vita na Waskoti wakashika sehemu za Walutheri na Wamoravian hadi katikati ya miaka ya 1920, kwa hiyo pengo kwenye kitabu au mwandiko kubadilika ghafla ni jambo la kawaida. Shajara za vituo vyenyewe zilikwenda Ujerumani. Za Wamoravian ziko Herrnhut, na barua ya heshima yenye swali moja, jina la kituo na mwaka, hujibiwa.

Neno moja kuhusu pesa. Wanakuja hapa dukani watu na "fomu ya fidia ya Mjerumani", wanataka niwachapie, wameshatoa elfu hamsini kwa mtu waliyekutana naye kwenye simu. Hakuna fidia wanayolipwa wajukuu wa askari. Anayekudai pesa ya fomu kwanza ni tapeli, mfukuze.

Kama babu yenu hakurudi, na mna sababu ya kuamini alikufa akiwa ameshaandikishwa KAR, mlango wenu ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ndio wanaotunza makaburi ya vita ya Iringa mjini na yale ya Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa, na huenda hesabu ikafika 350,000. Tafuta kwanza kwenye orodha yao ya mtandaoni kwa kikosi na mwaka. Usipomkuta, waandikie. Weka picha ya ukingo wa nishani, ukurasa wa kitabu cha ubatizo wa mkewe au wa watoto, na maelezo ya mzee yaliyoandikwa kwa Kiswahili kama alivyosema, yakiwa na sahihi au dole gumba lake na tarehe, na tafsiri ya Kiingereza kwenye karatasi nyingine. Toa kopi ya kila kitu kabla ya kutuma, na nishani yenyewe usiitume kwa mtu yeyote.